Jicho la Mchambua Ngano

Kwa karne nyingi, ngano ya nchi za Shamu haikwenda kusagwa kabla ya kupita mikononi mwa wanawake. Walikaa na sinia pana mbele yao, wakaitandaza nafaka, wakawa wanaondoa punje moja moja iliyo nyembamba kuliko wenzake na yenye rangi ya kijivukijivu. Punje hiyo Waarabu huiita zuwani. Wasomaji wa Biblia ya Kiswahili wanaijua kwa jina la jumla: ndiyo yale magugu ambayo adui aliyapanda usiku katika shamba la ngano, Mathayo sura ya 13.

Kamusi ya Lisan al-Arab, iliyotungwa na Ibn Manzur katika karne ya 13, inaliweka neno hili chini ya mizizi miwili, mmoja wenye herufi ya hamza katikati na mwingine wenye herufi ya wau. Kwenye huu wa wau, zuwani inaelezwa kuwa ni kile kibaya kinachotolewa katika nafaka kikatupwa. Ni maelezo ya mtu aliyeketi mbele ya sinia.

Na aliyeketi pale alikuwa na kazi ngumu. Zuwani ni nyasi, wanasayansi huiita Lolium temulentum, na inapochipua majani yake hayatofautiani na ya ngano kwa macho ya kawaida. Ukiing'oa mapema utang'oa na ngano, kwa kuwa mizizi imeshikana. Ndiyo maana yule mwenye shamba katika mfano wa Yesu aliwaambia watumwa waviache vyote vikue pamoja hadi mavuno. Masuke yakitoka, siri inafichuka: vijisuke vya ngano huelekeza ubavu wake mpana kwenye bua, vya zuwani huelekeza ukingo. Lakini kufikia hapo ngano iko karibu kuvunwa, na asiyewahi kuichagua palepale shambani ataibeba hadi uwanja wa kupuria.

Uwanjani kila hatua ina ujuzi wake. Upepo unachukua makapi, lakini zuwani ni nzito kiasi cha kuanguka pamoja na ngano. Kisha unakuja ungo wa kwanza, wenye matundu makubwa: nafaka inapita, vipande vya mabua na madongo vinabaki juu. Wa pili ni ghirbali, pete ya mbao iliyosukwa kwa vipande vyembamba vya ngozi, na matundu yake ni madogo. Katika huu ngano inabaki juu, vumbi na mbegu ndogo zinapita. Mwanamke anauzungusha kwa mikono miwili, makumvi yaliyosalia yanapanda na kukusanyika katikati, anayazoa kwa kiganja, anazungusha tena. Zuwani nyingi inapita matunduni kwa wembamba wake. Ile iliyonenepa inabaki na ngano, na hapo hakuna ungo unaoweza kusaidia. Yanabaki macho na vidole, kama wa kwetu wanavyochagua chuya kwenye mchele, ila chuya ukiila huumwi.

Zuwani inaumiza. Ndani ya punje zake mara nyingi huishi kuvu, ambayo watafiti waliigundua mwaka 1898, na sumu ya zuwani huhusishwa nayo. Anayekula mkate uliochanganyika nayo hupata kizunguzungu, macho hupoteza nuru, viungo hutetemeka. Neno temulentum katika jina lake la Kilatini lina maana ya ulevi. William Thomson, mmishonari wa Kimarekani aliyeishi Lebanon, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1859 jinsi ladha yake ilivyo chungu na jinsi inavyotapisha. Mkusanyo wa sheria za Kirumi wa Mfalme Justiniano, wa mwaka 533, unampa mwenye shamba haki ya kumshtaki anayemwaga zuwani katika mazao yake. Adui wa kwenye Injili alikuwa anatenda kosa lililojulikana mahakamani.

Mwanasayansi Mrusi Nikolai Vavilov ndiye aliyesaidia kuona ukubwa wa kazi ya kuchambua. Gugu linaloishi kati ya mazao, alieleza, linachujwa na mkulima pamoja na mazao yenyewe. Zuwani iliyodondosha mbegu zake mapema ilikufa, kwa kuwa mbegu zake hazidumu ardhini kwa muda mrefu. Iliyozing'ang'aniza kwenye suke ilivunwa. Punje ndogo zilipita kwenye ghirbali zikatupwa au kupewa kuku. Zilizokaribia ukubwa wa ngano zilibaki, na msimu uliofuata zikapandwa. Hakuna aliyekusudia, lakini kila aliyechambua alikuwa pia anayazalisha magugu: aliyoyaona aliyaondoa, yaliyomponyoka akayarudisha shambani.

Wanaakiolojia nao wameifaidi kazi hiyo. Gordon Hillman aliwatazama wakulima wa Uturuki, Glynis Jones akawatazama wa kisiwa cha Amorgos huko Ugiriki, na wote wawili walionyesha kwamba kila hatua ya kupepeta na kuchekecha huacha mchanganyiko wake wa mbegu za magugu. Kwa hiyo punje chache zilizoungua katika jiko la kale zinaweza kueleza ni hatua gani ilikuwa ikifanyika pale.

Siku hizi mbegu za ngano husafishwa kwa mitambo, na katika nchi kama Uingereza zuwani imekuwa mmea adimu sana. Mashine hupima unene, urefu na uzito, wala haihadaiki na sura. Wanawake wa Shamu walishindana na sura yenyewe, mwaka baada ya mwaka, dhidi ya mpinzani aliyejifunza kujificha kutokana na ukali wa macho yao. Wakamzuia asiingie kwenye mkate.