Taka Zinazotoweka: Uhakiki wa Mji wa Vitofali kwa Jicho la Dandora

Ulimwengu wa kubuni unaochezwa katika kompyuta ni utunzi, na kama utunzi mwingine wowote, wastahili kuhakikiwa kwa fani na maudhui yake. Mwaka 2012 shirika la makazi la Umoja wa Mataifa, UN-Habitat, lenye makao makuu Nairobi, lilianzisha pamoja na kampuni ya Mojang ya Uswidi mradi wa Block by Block, ambamo wakazi husanifu upya viwanja na mitaa yao kwa mchezo wa Minecraft. Kibera ilikuwa miongoni mwa sehemu za mwanzo. Mchezo huo hutumiwa pia kufundishia elimu ya mazingira. Makala haya yanaupima mbele ya mtaa wa Dandora, Eastlands.

Fani yake ina nguvu. Ramani ya mhandisi humtaka msomaji awe na elimu maalumu. Kitofali hakimtaki hivyo. Muuza mboga na mwanafunzi waweza kubishana juu ya mahali pa taa au mtaro, na hoja ya kila mmoja ikaonekana papo hapo.

Kasoro imo katika maudhui. Kwa kanuni ya kawaida ya Minecraft, kitu kilichotupwa chini hutoweka baada ya dakika 5. Jaa la Dandora lilianza miaka ya 1970, likatangazwa kuwa limejaa mwaka 2001, na magari ya taka hayakukoma kulijia. Katika utafiti wa UNEP wa mwaka 2007, takriban nusu ya watoto 328 waliopimwa walikutwa na madini ya risasi katika damu kupita kiwango kilichokubaliwa kimataifa. Mchezo, basi, wafuta lile lile ambalo somo lilipaswa kulionyesha: kwamba kilichotupwa hakiishi.

Darasani mwalimu aweza kulisahihisha hilo. Katika masomo ya mbali mwanafunzi huachiwa kanuni za mchezo peke yake. Shule za Kenya zilipofungwa Machi 2020, wengi wasio na kompyuta walitegemea redio. Redio haina picha, lakini kwa sababu hiyo hiyo humlazimu mtoto atoke akatazame mtaro wa mlangoni pake.

Lugha nayo ina sehemu yake. Neno "uendelevu" limetokana na "endelea", na jaa la Dandora nalo limeendelea. Istilahi hiyo haina maana mpaka isemwe ni kitu gani kinachostahili kuendelea, na kwa faida ya nani. Kitenzi "tupa" ni chombo bora zaidi cha kufundishia, maana kila atupaye aweza kuulizwa: wapi?

Mji wa vitofali usikataliwe. Mwanafunzi ahesabu kwanza taka za nyumbani kwao kwa juma moja, kisha ajenge mji ambao lazima uzipatie mahali. Hapo ndipo fani itakapoyatumikia maudhui.