Kapteni Kennedy: Tumsifu au Tuulize?

Wasomi wenzangu, kila tukihakiki fasihi ya vita tunakimbilia swali moja: je, mhusika ni shujaa? Nadhani swali hilo linatupoteza. Tumchukue Kapteni Edward Kennedy wa Uingereza.

Mwaka 1921 mahakama ya kijeshi ilimtia hatiani, kisha akastaafu. Vita vilipozuka mwaka 1939, jeshi la majini lililokwisha kumweka kando likamkumbuka. Akiwa na miaka 60 akapewa Rawalpindi, meli ya abiria iliyofungwa mizinga 8 iliyopitwa na wakati. Novemba 23, kati ya Iceland na visiwa vya Faroe, ikakutana na manowari mbili za Ujerumani, Scharnhorst na Gneisenau. Kapteni hakusalimu amri. Haikupita saa, meli inateketea. Watu 238 walikufa, naye akiwamo.

Masimulizi yaliyozagaa humpamba kapteni tu: mzee, manowari mbili, amri ya kupigana. Sawa, ujasiri ulikuwapo, nani abishe? Lakini wale 237 wako wapi? Na aliyeipeleka meli ya abiria mbele ya manowari, mbona hatajwi? Hapo sifa imegeuka pazia.

Wengine watasema: mwanawe, Ludovic Kennedy, alikuwa mwandishi, kwa nini asimtetee baba? Simlaumu. Liyongo wetu aliuawa na mwanawe kwa sindano ya shaba. Huyu angalau alishika kalamu. Ila kwa maoni yangu, kazi yake iliyo karibu zaidi na msiba wa baba si zile za manowari, hata Pursuit ya 1974. Ni 10 Rillington Place ya 1961, inayomtetea Timothy Evans, aliyenyongwa mwaka 1950. Humo hoja si ushujaa wa mtu. Hoja ni nani alihukumu, tena kwa ushahidi gani. Evans alipewa msamaha mwaka 1966, yeye akiwa kaburini.

Swali la namna hiyo tunalihitaji hata kwetu. Februari 12, 1944, meli Khedive Ismail iliyotoka Mombasa ilizamishwa katika Bahari ya Hindi, ikafa nayo mamia ya askari wa Afrika Mashariki. Atakayewaandika asianze na ushujaa, jamani. Aanze na aliyewapandisha melini.