Mgunga Kwenye Kitabu cha Msituni

Kabla msomaji hajaifungua riwaya, kuna mtu mwingine ameshaanza kumsimulia: mchora jalada. Jina lake, kama limewekwa, liko nyuma, chini kabisa, kwa herufi za kutafutwa na miwani. Lakini neno lake ndilo la kwanza. Na kama riwaya imeandikwa na Mwafrika, neno hilo la kwanza mara nyingi ni mgunga.

Mwaka 2014 tovuti ya Africa Is a Country ilichapisha makala ya Elliot Ross ikiwa na picha moja inayochekesha na kuudhi kwa pamoja. Simon Stevens alikuwa amekusanya majalada zaidi ya 30 ya vitabu kuhusu Afrika, vya nchi mbalimbali na waandishi mbalimbali, akayapanga pamoja. Mti ni uleule, mgunga wenye kichwa bapa, na nyuma yake jua la rangi ya chungwa linazama. Ross alisema ni kana kwamba wachoraji wenyewe wameijua Afrika kwa kuangalia The Lion King. Tangu hapo hoja hii imesemwa sana na sina haja ya kuirudia yote. Ninachoweza kuongeza ni kitu kimoja tu: mimi naishi Katesh, na migunga tunayo. Tunayo kwelikweli.

Ukishuka kuelekea Ziwa Balangida unaikuta kila mahali. Matawi yake yenye miiba ndiyo uzio wa boma la ng'ombe. Maganda ya mbegu zake mbuzi wanayagombania. Mwiba wake unatoboa kandambili na tairi la pikipiki vilevile. Saa nane mchana, jua likiwa kali, mtu wa huku hautazami mgunga, anakaa chini yake, na mambo mazito ya wazee wa Kibarabaig yamezungumzwa chini ya kivuli cha mti miaka na miaka. Lile umbo jeusi la kwenye majalada, lililonyooka peke yake kama limekatwa kwa mkasi, huwezi kuliona mpaka uwe mbali sana, na jua liwe nyuma ya mti, na usiwe na shughuli yoyote na mti huo. Yaani mpaka uwe unapita na gari.

Basi mimi majalada nayapima kwa umbali. Sitazami sana kama picha ni nzuri. Natazama mchoraji amenisimamisha wapi.

Nichukue Things Fall Apart ya Chinua Achebe, kwa sababu ndiyo riwaya niliyoiona imevaa nguo nyingi kuliko nyingine yoyote. Ilitoka London mwaka 1958, Achebe akiwa na miaka 27. Mwaka 1962 Heinemann walipoanzisha African Writers Series waliipa namba 1, na Achebe mwenyewe akawa mhariri wa mfululizo kwa miaka kumi ya mwanzo. Rangi ya chungwa ya vitabu vile waliiiga kwa Penguin, ambao riwaya zao zilikuwa zimevaa rangi hiyo tangu miaka ya thelathini. Walitaka viuzwe rahisi, vifike shuleni.

Nakala yangu ni ya chungwa. Ni ya mkono wa nne au wa tano, na sehemu kubwa ya mchoro wa mbele iliondoka na selotepu ya mtu aliyetaka kuiokoa. Kilichobaki ni rangi, jina na namba. Inatosha. Rangi ile haisemi lolote kuhusu Umuofia. Inasema kitabu hiki kina wenzake. Ukikiona unatafuta namba 2, namba 7, namba 16, unajua Ngũgĩ yuko hapo karibu na Achebe. Wapo waandishi waliolalamika kwamba chungwa hilo liliwafungia wote zizi moja, na malalamiko yao yana haki: hakuna mchapishaji aliyewahi kuvika riwaya zote za Ulaya shati moja. Ila tusisahau upande wa nyuma. Vitabu vile vilikuwa na desturi ya kuweka picha ya mwandishi nyuma ya jalada. Mwanafunzi wa mwaka 1965, aliyezoea kwamba mwandishi ni mzungu aliyekufa zamani, aligeuza kitabu akakuta kijana mweusi anamtazama. Mimi hapo sioni umbali wowote.

Jalada la pili nililikuta kwenye simu. Faili la pdf lililozunguka kwenye kundi la WhatsApp, na mtu asiyejulikana, mwenye muda na programu ya kuchezea picha, alikuwa amelibandikia jalada lake mwenyewe: mgunga, jua jekundu, twiga wawili kwa mbali. Twiga! Kijana wa jirani, yuko kidato cha tatu, alichungulia akaniuliza, "Kaka, hii ni hadithi ya Wamasai?" Huyo ni mtoto wa wafugaji, na mgunga uko nyuma ya choo chao. Lakini mgunga wa kwenye jalada hakuuona kama wa kwao. Aliuona kama wa kwenye kalenda za watalii, na kwenye kalenda hizo anayesimama chini ya mti ni Mmasai. Picha iliyodai kumwonyesha Afrika ilimtoa yeye ndani yake.

Na kwa kitabu hiki kosa linazidi, maana Umuofia ni watu wa msituni, jina lenyewe linasema hivyo. Kule kuna viazi vikuu, michikichi, mvua za kupitiliza. Mti mkubwa wa kitabu hiki, ule ulioko uwanjani ambapo kijiji kinakutana, ni msufi. Watu wa Pwani wanaujua. Achebe anaeleza kwamba ndani ya msufi huo wanakaa roho za watoto wema wanaosubiri kuzaliwa, na siku za kawaida wanawake vijana wanaotaka mtoto huja kukaa kivulini mwake. Huo ni mti wenye watu: wanaokaa chini yake na wanaokaa ndani yake. Mchoraji akitaka mti, kitabu kimempa mti.

Kuna pingamizi moja ambalo nimelifikiria sana. Mtu anaweza kuniambia: bwana, riwaya hii inaishia kwenye mti. Okonkwo anajitundika. Mti mmoja, jioni, rangi ya damu. Je, si ndiyo mwisho wenyewe? Ni hoja nzuri kuliko mchora-twiga alivyostahili. Lakini turudi kwenye ukurasa. Mti ule uko kichakani nyuma ya ua wa Okonkwo, na chini yake wamesimama rafiki zake, ambao mila inawakataza kuugusa mwili wa mtu aliyejiua. Wanalazimika kumwomba DC wa kikoloni watu wake wamteremshe. Obierika, aliyekuwa mtulivu kitabu kizima, anamgeukia DC kwa hasira na sauti inamkatika. Sasa tazama DC anafanya nini. Anaondoka, kwa kuwa mtu wa cheo chake hafai kuonekana akishughulika na maiti mtini. Njiani anawaza kitabu anachotaka kuandika: habari ya huyu mtu inaweza kujaza sura nzima, au labda si sura, aya tu. Jina la kitabu ameshalichagua, ni la kuyatuliza makabila ya washenzi wa Niger ya Chini.

Lile jalada la mgunga na machweo nimelipatia kitabu chake: ni cha DC. Limesimama pale alipokuwa amesimama yeye, mbali kidogo, limeshageuza mgongo, limeridhika na aya moja.

Hili la umbali nalisema nikiwa na Desemba 2023 kichwani. Tope liliposhuka kutoka Mlima Hanang na kuua watu zaidi ya 80, nchi nzima iliitazama Katesh kutoka juu kwa siku kadhaa: mto wa tope, mabati, magogo. Picha hizo hazikuwa za uongo, na zilileta msaada. Ila sisi tuliokuwa chini tulikuwa tunasoma mstari kwa mstari, duka hili la nani, mlango ule wa nani, nani hajaonekana tangu asubuhi. Tangu hapo nikiona kitabu kimepigwa picha kutoka mbali najiuliza waliomo ndani wameulizwa nini.

Kwa hiyo mchoraji ninayemheshimu kwa riwaya hii ni Uche Okeke, Mwigbo mwenyewe, aliyeichorea Things Fall Apart kwa mistari ya uli. Uli ni michoro ambayo wanawake wa Kiigbo huichora mwilini na kwenye kuta. Na uli imo ndani ya riwaya: kabla ya Sikukuu ya Kiazi Kipya wake za Okonkwo wanasugua kuta kwa udongo mwekundu mpaka zinang'aa, wanazichora kwa nyeupe, njano na kijani, kisha wanajichora wenyewe tumboni na mgongoni kwa rangi nyeusi. Okeke hakwenda kutafuta alama ya Afrika. Aliingia ua wa Okonkwo akaazima mkono wa wake zake, watu ambao Okonkwo mwenyewe aliwasikiliza kidogo mno. Kwa mistari hiyo hata mtu aliyeziba masikio yake kwa wanawake anachorwa kwa mwandiko wao. Sijui tafsiri gani ya kihakiki ingemjibu Okonkwo vizuri zaidi.

Na sisi wa Kiswahili? Clement Ndulute alipoitafsiri, East African Publishing House wakaitoa Nairobi mwaka 1973 kwa jina la Shujaa Okonkwo. Jina nalo ni jalada. La Kiingereza limetoka kwenye shairi la Yeats, na linatazama dunia nzima ikisambaratika. La Kiswahili linamsogeza mtu mmoja mpaka puani kwako. Kwa kipimo changu cha umbali ningepaswa kulipenda, na nusu yangu inalipenda. Lakini "shujaa" ni hukumu, na Achebe anatumia kitabu kizima kuitilia shaka hukumu hiyo: Ikemefuna anakimbilia kwa aliyemwita baba, na baba anamkata kwa panga ili asionekane dhaifu. Baada ya ukurasa huo neno "shujaa" juu ya jalada linauma. Huenda Ndulute alitaka liume. Mimi ningeacha Okonkwo tu.

Limebaki toleo linalosomwa kuliko yote huku kwetu, na halina mchoraji: la steshenari. Kurasa za A4 zimetolewa kopi, wino umefifia pembeni, mbele manila ya kijani au ya pinki, imebaindiwa kwa spairo. Mwandishi hapati hata senti, na jina lake mara nyingi halipo, na hilo siwezi kulitetea. Lakini kwa kuwa jalada ni tupu, wasomaji wanalijaza. Yule kijana wa jirani alipomaliza kusoma alinionyesha lake. Alikuwa amechora kwa biki kiazi kikuu, zao la wanaume wa Umuofia, ambalo Katesh ya mahindi, mbaazi na alizeti hatulilimi. Hajawahi kukiona. Amekichora kama kiazi kitamu kikubwa mno, kimefungwa kamba, kimebebwa na watu wawili ambao magoti yamewapinda kwa uzito.