"Kurefuka" si "Kupona": Kosa Moja la Tafsiri

Tumesoma tafsiri ya maelezo kwa mgonjwa aliyerefushwa mfupa wa mguu kwa njia iliyoasisiwa na Gavriil Ilizarov mjini Kurgan katika miaka ya 1950. Lugha yake ni nyofu, na istilahi "gango la nje" ni uteuzi mzuri, kwani mzizi wake ni kuganga.

Walakini, limo kosa la hatari. Mfasiri asema kwamba mfupa ukisha kurefushwa milimita 1 kwa siku hadi kipimo kutimia, "umepona". La hasha! Mfupa huo mpya ungali mchanga; huchukua miezi mingine kukaza, gango likiwa bado mguuni na mazoezi ya viungo yakiendelea. Mvuvi wa Kigombe akilisoma neno hilo atatupa magongo, asukume ngalawa, na mfupa uvunjike.

Twapendekeza "kukomaa", neno alijualo msomaji huyo minazini: dafu hutimiza ukubwa wake kabla ya kuwa koroma, kisha nazi. "Kupona" na lingoje hadi daktari athibitishe kwa picha ya eksirei. Istilahi isiyotenga hatua na hatua haimfai mgonjwa, hata ikiwa fasaha.