Mwanasesere wa Mfukoni: Alivyofumwa na Anavyokabidhiwa

Mwanasesere wa Izzy ni mdogo kiasi cha kuingia kwenye mfuko wa gwanda la askari, na mfuko huo ndio uliompa kipimo chake. Mark Isfeld, mhandisi wa jeshi la Kanada ambaye wenzake walimwita Izzy, alikuwa Kroatia mwanzoni mwa miaka ya 1990 akitegua mabomu ya ardhini chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa. Aliwapelekea wazazi wake picha ya mwanasesere aliyebaki kwenye kifusi cha nyumba iliyobomolewa na vita. Mama yake, Carol, mkazi wa Courtenay, British Columbia, akaanza kutengeneza wanasesere wadogo na kumpelekea mwanawe awagawie watoto aliokutana nao kazini. Juni 21, 1994, Mark akauawa na bomu akiwa na umri wa miaka 31. Carol hakuziweka sindano chini. Askari wenzake wakawapa wanasesere jina la marehemu, na wafumaji wa kujitolea sehemu nyingi za Kanada wakaingia kazini.

Kazi ya kujitolea hufa haraka pale inapohitaji ustadi mkubwa, na hapa ndipo mtindo huu ulipobuniwa kwa akili. Mitindo inatofautiana, lakini ule mwepesi kuliko yote unaanza na kipande kimoja cha mstatili. Mfumaji huanzia miguuni kwa sufu ya rangi ya viatu, hubadili uzi akifika kwenye suruali, hubadili tena kwenye sweta, kisha uso, kisha kofia. Kipande hukunjwa, hushonwa mgongoni na kujazwa. Uzi mmoja hupitishwa shingoni na kukazwa, na kichwa kinatokea. Mshono wa katikati unaopenya mbele hadi nyuma huigawa miguu. Mishono miwili ubavuni hutoa mikono. Hakuna kiungo kinachofumwa peke yake, kwa hiyo hakuna mkono wa kuchomoka mtoto akiuvuta. Ajuaye kufuma skafu tu anaweza kummaliza mwanasesere huyu, na mabaki ya sufu ya sweta la mtu mwingine yanamtosha.

Macho hudariziwa kwa uzi. Kifungo kikibanduka kinaweza kumpalia mtoto mdogo, na mwanasesere wa msaada hajulikani atafika mikononi mwa mtoto wa umri gani. Sindano nazo ziwe nyembamba kuliko zile za kufumia sweta, vitanzi vikazane, la sivyo kijazo kitachungulia nje baada ya wiki chache. Kwetu watu hukimbilia sufi au pamba. Sufi ni laini mno lakini ikifuliwa hujikusanya mabonge, na pamba iliyoshindiliwa hukauka polepole ikaota ukungu. Ningechagua vipande vya mabaki ya fundi cherehani vilivyokatwa vidogo vidogo. Ni vizito kidogo, lakini vinafulika. Mwanasesere wa faraja, anayepewa mtoto aliyefiwa, atalaliwa, atalambwa, atamwagiwa uji. Asiyefulika atatupwa na mtu mzima yeyote mwenye nia njema, na mtoto huyo atapoteza kitu cha pili.

Hatua iliyofuata ilikuwa ya usafirishaji, nami naihesabu kuwa werevu kuliko zote. Shirika la ICROSS Canada, lenye mizizi katika kazi za misaada miongoni mwa Wamasai wa Kenya, lilikuwa likisafirisha vifaa vya tiba kuja Afrika. Chupa na vyombo vinahitaji kitu laini cha kuvizuia visigongane ndani ya sanduku. Badala ya vipande vya plastiki vinavyoishia jalalani, wakapachika wanasesere. Nafasi iliyokuwa ikijazwa takataka ikabeba zawadi.

Hadi hapo sina ubishi. Ubishi wangu unaanza sanduku linapofunguliwa. Ufumaji umepangwa, upakiaji umepangwa, na kukabidhi kumeachiwa yeyote atakayekuwapo siku hiyo. Muuguzi mwenye foleni ya wagonjwa atamtia mtoto mwanasesere mkononi na kuita jina linalofuata.

Mwaka 2008, Avi Sadeh na wenzake wa Chuo Kikuu cha Tel Aviv walichapisha katika jarida la Pediatrics matokeo ya jaribio lililofanywa baada ya vita vya Lebanon vya 2006. Watoto wa Israeli waliotikiswa na vita walipewa mbwa wa kitambaa mwenye uso wa huzuni na mikono mirefu ya kukumbatia. Hawakuambiwa kwamba mbwa atawaliwaza. Waliambiwa mbwa ana huzuni, naye anahitaji mtu wa kumtunza. Dalili za msongo zikapungua kwao kuliko kwa wale ambao hawakupewa, na waliomshika na kumtunza zaidi ndio waliopata nafuu zaidi. Hofu ya vita si sawa na kufiwa, na sitaki kuyavuta matokeo hayo mbali kuliko yanavyofika. Lakini yanaonyesha kwamba maneno ya anayekabidhi ni sehemu ya kifaa, kama mshono wa shingoni ulivyo.

Kwa hiyo tuurudie uso. Wafumaji wengi hupenda kudarizi tabasamu, kwa sababu wao wenyewe wanataka kufurahi wanapomaliza. Mtoto aliyefiwa na mama yake anapewa mwenzake anayecheka saa zote. Mstari mfupi ulionyooka unatosha. Mtoto atauona uso ukilia au ukicheka kadiri ya siku yake. Kwa familia za Kiislamu zisizopenda sura, uso uachwe wazi kabisa. Wanasesere wa Bibi Aisha, mke wa Mtume, wametajwa katika hadithi, na wanazuoni wengi huruhusu wanasesere wa watoto, ila msibani si mahali pa kujadili fikihi.

Anayekabidhi ajue pia yanayotokea baadaye. Mtoto wa miaka minne akiambiwa "mama amesafiri" atangoja arudi. Akiambiwa "amelala" huenda akaogopa kulala. Mwanasesere humpa mahali pa kuyauliza asiyoyaelewa. Atamlaza, atamfunika khanga, atamzika nyuma ya nyumba na kumfukua, kesho arudie. Shangazi akiona atashtuka na kukemea kwamba anaita mkosi. Hapo ndipo mtu aliyefundishwa anahitajika kumwambia shangazi amwache mtoto acheze, na amjibu kwa neno la kweli: amekufa, hatarudi, nasi tupo nawe.

Mwanasesere wa Izzy ana upungufu mmoja usiozibika kwa ufumaji: hamjui marehemu. Nchini Uganda, NACWOLA, chama cha wanawake wanaoishi na VVU kilichoanzishwa 1992, kilielekea upande huo mwingine kwa kuwafundisha akina mama kuwaandikia watoto wao vitabu vya kumbukumbu wakiwa hai. Fundi wetu anaweza kukutanisha njia zote mbili kwa kumvisha mwanasesere kipande cha khanga ya marehemu. Pamba ya khanga haivutiki, hukatika vizuri na hukubali sindano ya mkono. Aombe ruhusa kabla ya kushika mkasi. Nguo za marehemu ni mali ya warithi, na familia nyingine zimezoea kuzigawa baada ya arobaini.

Vikundi vya kanisa, vya msikiti na vya akina mama mitaani vinaweza kuianza kazi hii mwezi huu, maana vifaa ni rahisi. Ombi langu ni kwenye bajeti. Kikundi chenye sufu ya wanasesere mia lakini kisicho na mtu wa kumrudia mtoto wiki ya pili, kifume kumi tu, na fedha inayobaki iwe nauli ya mtu huyo.