Bomba Lisilokoroma: Namna ya Kumpima Fundi wa Tangi la Maji ya Chumvi

Mbele ya tangi la matumbawe, wengi hutazama samaki kwanza. Anayeijua kazi hii huanza kwa kusikiliza. Maji hufurika juu ya ukingo, huingia kwenye kisanduku cha pembeni, hushuka kwa bomba hadi tangi la chini lililo ndani ya kabati, husafishwa, kisha pampu huyapandisha tena. Hapo kwenye kushuka ndipo fundi hujulikana. Bomba likikoroma au kubugia maji kwa vipindi, ujue hewa na maji vinagombea njia moja, kama dumu la lita 20 lililopinduliwa wima linavyotoa maji kwa kwikwi.

Dawa ni mbili: uipe hewa njia yake, au uitoe kabisa bombani. Mtindo unaoitwa Durso, kwa jina la Mmarekani Richard Durso, unafuata njia ya kwanza. Ni bomba moja la kusimama, juu lina tii na elbo inayotazama chini, na kifuniko chake kina tundu dogo la kupumulia. Tundu likiwa dogo mno, bomba hujaa, huvuta kwa ghafla, hukatika, huanza upya. Likiwa kubwa mno, utasikia mfoko wa hewa. Fundi mwangalifu hulipanua kidogo kidogo mpaka sauti itulie. Mtindo huu unafaa tangi dogo lenye pampu ya wastani, lakini haufikii kimya kamili, na bomba likiziba huna lingine.

Njia ya pili ndiyo ninayoipenda: bomba lijae maji tupu, bila hewa, livute lenyewe kwa uzito wa maji yanayoshuka. Mtindo wa Herbie una mabomba mawili, moja la kuvuta na jingine la dharura. Bean Animal una matatu, na kwangu huo ndio bora kuliko yote. Bomba la kwanza hubeba karibu maji yote na lina valvu. La pili hupitisha mchirizi mwembamba unaoteleza kwenye ukuta wa bomba bila sauti. La tatu hukaa kavu. Uzuri wake uko kwenye lile la pili: juu yake kuna kijimpira cha hewa ambacho mdomo wake umewekwa juu kidogo ya usawa wa kawaida wa maji kisandukuni. Bomba la kwanza likiziba, maji hupanda na kuufunika mdomo huo, hewa hukatika, na bomba la pili nalo huanza kuvuta kwa nguvu zote. Hakuna umeme wala kifaa cha kuhisi. Likishindwa hilo, lile kavu hupokea.

Ukiitwa kukagua kazi, shika bomba la kwanza kwa kiganja. Lililojaa maji limetulia. Lenye hewa hutetemeka. Kisha chungulia tangi la chini linapoishia bomba hilo: mapovu yakitoka mfululizo, marekebisho hayajakamilika. Mdomo wake uzame sentimita mbili au tatu tu. Ukizama sana, hewa iliyobaki bombani haipati nguvu ya kusukumwa nje, na mvuto unachelewa kuanza.

Tazama pia valvu. Ile ya mpini, inayofungwa kwa robo mzunguko, haifai hapa, kwa sababu kuigusa kidogo tu hubadilisha mkondo wote. Inayotakiwa ni geti valvu yenye kigurudumu, inayosogea kwa mizunguko mingi. Na maji kisandukuni yawe karibu na ukingo. Yakianguka kutoka juu sana, utasikia maporomoko hata kama bomba lenyewe ni kimya.

Kimya hakitoshi, hata hivyo. Zima pampu. Maji ya juu yatashuka hadi usawa wa ukingo, na mengine yatarudi kwa bomba la pampu mpaka hewa iingie. Tangi la chini lazima liyapokee yote bila kumwagika. Kwetu umeme hukatika bila taarifa, kwa hiyo hili si jambo la kubahatisha. Washa tena: kelele ya muda mfupi ni ya kawaida, hewa inatoka, kisha utulivu urudi bila mtu kugusa valvu.

Matunzo ndiyo yanayotofautisha tangi la mwaka mmoja na la miaka mingi. Konokono hupenda kuingia kwenye midomo ya mabomba, basi pawe na vichujio vinavyotoka kwa urahisi, na visafishwe kila wiki. Ndani ya bomba huota sponji na minyoo ya magamba ya chokaa, njia ikasinyaa taratibu. Ndiyo maana bomba lililokuwa kimya huanza kuhitaji valvu ifunguliwe zaidi na zaidi. Ukiona hivyo, usiendelee kuzungusha. Toa bomba, liloweke kwenye siki nyeupe usiku kucha, lisugue, lisuuze vizuri. Sabuni isikaribie. Haya yote yanawezekana tu kama fundi aliweka yunioni, yaani viungo vinavyofunguka. Aliyegundisha kila kiungo kwa gundi amekuachia msumeno. Pitisha tochi kwenye viungo: ukoko mweupe wa chumvi maana yake kuna tone linalopenya.

Nikikuta tangi kimya lenye bomba moja lililobanwa kwa valvu, bila bomba la dharura, naliita kazi mbovu hata kama linapendeza. Konokono mmoja anatosha kuyaleta maji sebuleni. Kwa hiyo, ndugu msomaji, kabla ya kumalizia malipo ya fundi, ziba mdomo wa bomba la kwanza kwa kiganja mbele yake, pampu ikiwa inafanya kazi, na usubiri. Maji yakipata njia nyingine bila tone kugusa sakafu, mlipe.