Salamu za Redio na Nafasi ya Hadhira: Wimbo wa Lugha ya Jamii katika Karagwe na Kyerwa

1. Utangulizi

Uhakiki wa nyimbo za Mkoa wa Kagera umemtazama zaidi fanani kuliko msikilizaji wake. Mulokozi (1983) alichunguza iwapo wapiga enanga wanastahili kuitwa watambaji wa tendi, na kwa kufanya hivyo alizijibu shaka za Finnegan (1970) kuhusu kuwapo kwa utendi barani Afrika. Swali hilo lilikuwa la lazima kwa wakati wake. Hata hivyo, liliiacha pembeni hadhira, ambayo ndiyo huamua wimbo upi urudiwe na upi usahaulike. Katika Karagwe na Kyerwa, wilaya zilizokuwa moja hadi mwaka 2012, sehemu ya uamuzi huo imehamia katika salamu za redio. Makala hii inadai kuwa salamu ni utanzu wenye umbo lake, na kwamba umbo hilo ndilo linaloruhusu au kuzuia wimbo kufafanuliwa.

2. Umbo la Salamu

Enzi za Redio Tanzania Dar es Salaam, kadi ya salamu ilikuwa na sehemu zinazojulikana: jina la mtumaji, sanduku lake la posta, orodha ya wasalimiwa na mstari wa ujumbe. Ujumbe ulikuwa mfupi, aghalabu methali au usia. Kwa kuwa kadi ilichukua siku kadhaa kufika, mtumaji alikuwa na muda wa kupima neno lake. Simu ya mkononi imeondoa kungoja huko, lakini pia imeupunguza ujumbe. Msikilizaji anayepiga simu hutaja majina kwa haraka, huomba wimbo, kisha hukatiwa ili mwingine apate nafasi.

Wapo wanaoiona orodha ya majina kuwa kelele inayochelewesha wimbo. Wengine huiona kuwa ndiyo kiini cha kipindi, kwani kutajwa hadharani ni heshima na ni uthibitisho wa undugu. Hoja ya pili ina mashiko ya kifasihi. Katika jamii yenye majigambo kama ebyebugo vya Wahaya, jina linalotamkwa mbele ya watu hubeba ukoo, mahali na sifa. Orodha ya salamu ni mrithi mnyonge wa desturi hiyo: imebakiza majina, imepoteza sifa. Kasoro yake, basi, si wingi wa majina, bali ni kwamba majina yamelimeza neno ambalo lingeeleza kwa nini wimbo huu, kwa watu hawa, siku hii.

3. Wimbo wa Lugha Moja, Maoni ya Lugha Nyingine

Hasara hiyo huonekana zaidi wimbo unapokuwa wa Kinyambo au Kihaya. Kanuni za utangazaji nchini Tanzania huelekeza vituo vitumie Kiswahili au Kiingereza, isipokuwa kwa idhini maalumu. Kwa hiyo, katika eneo linalohudumiwa na redio jamii kama FADECO ya Karagwe, wimbo unaweza kuwa wa lugha ya nyumbani ilhali mazungumzo yanayouzunguka ni ya Kiswahili. Kinyambo kina sarufi iliyoandikwa na Rugemalira (2005), lakini sarufi haimwambii msikilizaji wa Morogoro fumbo la wimbo lina maana gani.

Mfano wa Saida Karoli unatosha. "Maria Salome" ya mwaka 2001 ilipendwa nchi nzima na watu wengi wasioelewa Kihaya. Mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny waliutumia wimbo huo kuunda "Salome". Sauti na mdundo vilisafiri mbali. Maana za Kihaya hazikupata msafirishaji wa kadiri hiyo. Msafirishaji aliyefaa alikuwapo: msikilizaji wa Kagera mwenye lugha zote mbili. Katika utendaji wa enanga, msikilizaji huyo hukaa mbele ya fanani na huweza kumwitikia. Redioni, nafasi yake pekee ni ule mstari wa ujumbe. Ukifutwa, uhakiki wa wenyeji juu ya wimbo wao hufutika nao.

4. Hitimisho

Marekebisho yanayohitajika ni madogo. Mtangazaji akimwuliza kila mwomba wimbo swali moja tu, yaani wimbo unasema nini, orodha ya majina haitaathirika na Kiswahili kitapata tafsiri zisizopatikana kwingine. Watafiti wa fasihi simulizi nao hawana budi kurekodi salamu pamoja na nyimbo zinazoambatana nazo. Nyimbo huhifadhiwa kwa sababu huuzwa. Maneno ya aliyeziomba hayana soko, na hupotea mara kipindi kinapokwisha.